Kuzunguka viwanja vya besiboli na mke asiyeupenda mchezo: jibu kutoka upande wa mke

Mkuu, umeuliza kama wewe na mkeo mkitokea Columbus, jimbo la Ohio, mnaweza kuvimaliza viwanja vyote 30 vya ligi kuu ya besiboli kwa gari, kiangazi kimoja, na ukaongeza kwamba yeye mchezo wenyewe haumwingii akilini. Wadau wamekujibu kwa ramani na hesabu za mafuta. Mimi nakujibu nikiwa upande wa mkeo. Nyumbani kwetu mgonjwa wa besiboli ni shemeji yenu. Mimi nimekulia Tanga, mpira kwangu ulikuwa Coastal Union, na mara ya kwanza nilipanda gari kwa sababu nilitaka kuiona nchi tu. Siku hizi kiangazi kikikaribia mimi ndiye ninayeuliza tunaelekea wapi.

Hiyo habari ya 30 iache. Kimoja kiko Toronto, kwa hiyo kama makaratasi yenu ya uhamiaji hayajakaa vizuri, msivuke mpaka kwa ajili ya mpira. Vilivyobaki vimetawanyika kuanzia Seattle hadi Miami. Mtu asiyependa mchezo ukimpeleka viwanja 30 mfululizo, atakachokumbuka ni moteli na vituo vya mafuta. Chagua vichache, na uvichague kwa kumfikiria yeye. Wewe hata ukiwekwa kwenye kiti cha nyuma ya nguzo utafurahi.

Pili, weka ramani pembeni kwanza ufungue ratiba. Kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu, 81 tu ndizo za nyumbani, na zinakuja kwa mafungu: timu inakaa nyumbani wiki nzima, halafu inaondoka wiki nzima. Unaweza kuendesha usiku kucha ukakuta geti limefungwa na timu iko California. Katikati ya Julai ligi nzima inasimama siku chache kupisha mechi ya nyota, ya wachezaji bora wa ligi, siku hizo msizihesabu. Halafu kuna hili ambalo wengi hawalitumii: timu hukutana mechi tatu au nne mfululizo, na ile ya mwisho, mara nyingi Jumatano au Alhamisi, huchezwa mchana ili wageni wawahi kusafiri. Hiyo ndiyo mechi ya watu wa barabarani. Inaisha jua bado liko juu, mnaingia kwenye gari, usiku mnalala mji unaofuata.

Nyie wa Columbus mmekaa pazuri mno. Cincinnati, Cleveland, Pittsburgh na Detroit zote ziko ndani ya mwendo wa saa tatu na ushee. Mnaweza kuzifanya kwa wikiendi tofauti bila kuomba likizo.

Kama ni mimi, ningeanza na Pittsburgh. Uwanja unaitwa PNC Park, ulifunguliwa 2001, uko ukingoni mwa mto Allegheny. Egesheni ng'ambo, upande wa mjini, mvuke kwa miguu daraja la njano la Roberto Clemente. Siku za mechi kwa kawaida hufungwa kwa magari, watu wanatembea katikati ya barabara na watoto mabegani. Kaeni viti vya juu nyuma ya mpigaji, yule mwenye gongo, upande wa kituo cha tatu, yaani kushoto mkitazama uwanja (vituo ni pembe za kiwanja, mpigaji anazikimbilia moja baada ya nyingine). Mbele yenu kuna nyasi, kisha mto, kisha daraja, kisha maghorofa yote ya mji. Mkeo hata asipotazama mpira, ana cha kutazama. Ukuta wa kulia una urefu wa futi 21 kwa sababu Clemente, mchezaji wa Pittsburgh aliyetoka Puerto Rico, alivaa jezi namba 21. Alifariki tarehe 31 Desemba 1972, ndege iliyokuwa inapeleka misaada kwa wahanga wa tetemeko Nicaragua ilipoanguka baharini naye yumo. Na hapo hapo, Aprili 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa mzaliwa wa Afrika wa kwanza kucheza ligi hii, na mara yake ya kwanza kushika gongo aliupiga mpira akafika kituo cha kwanza salama. Shemeji yenu alinisimulia hayo tukiwa tumekaa, na huo ndio wakati nilipoacha simu.

Nikiwa bado Pennsylvania: mwezi wa Agosti, Williamsport kunakuwa na mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto wa umri wa miaka 10 hadi 12, na kiingilio ni bure. Vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kufika pale, 2012. Mwaka uliotangulia timu nyingine ya Uganda ilifuzu ikakwama kwenye viza. Sisi tunaoijua foleni ya ubalozi hatuhitaji maelezo.

Chicago. Wrigley Field ni wa mwaka 1914, na usiende kwa gari lako, kutafuta pa kuegesha mtaa ule ni adhabu. Pandeni treni ya Red Line mshuke stesheni ya Addison, mko getini. Taa hawakuwa nazo mpaka 1988, na mpaka leo wanacheza mechi nyingi za mchana kuliko wenzao. Ukuta wa nyuma umefunikwa na mimea inayotambaa, iliyopandwa 1937. Mpira ukizama humo ndani, mchezaji anayeufuata ananyoosha mikono juu badala ya kuutafuta, na mpigaji anapewa vituo viwili. Ubao wa matokeo unaendeshwa kwa mkono. Mtazame vizuri: tundu linafunguka, namba inatolewa, nyingine inasukumwa mahali pake na mtu aliye ndani ambaye huoni hata uso wake. Mimi nilimfuatilia huyo kuliko wachezaji. Mechi ikiisha wanapandisha bendera, nyeupe yenye herufi ya W kama wameshinda. Milwaukee iko mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka hapo, uwanja wake una paa la kufungwa, kwa hiyo mvua haiwasumbui, na kuna mbio za watu waliovaa mavazi ya soseji. Mkeo atacheka. Ila soseji za kuliwa uliza kwanza, nyingi za huko ni za nguruwe.

Kama mna nafasi ya kwenda mbali zaidi, pitieni St. Louis, mfike Kansas City. Na Kansas City uwanja uwe wa pili. Cha kwanza ni makumbusho ya ligi za weusi, mtaa wa 18th na Vine. Ligi ya kwanza iliyodumu ya wachezaji weusi iliundwa katika mji huo huo mwaka 1920, kwa sababu ligi kuu ilikuwa haiwataki. Mlango haukufunguka mpaka Jackie Robinson alipoingia 1947, na yeye alikuwa amewahi kuichezea Monarchs, timu ya weusi ya hapo Kansas City. Ndani kuna kiwanja kidogo chenye sanamu za shaba za wachezaji, kila mmoja kwenye nafasi yake. Ukiingia unawaona kupitia wavu wa waya, huruhusiwi kuwafikia. Unazunguka, unasoma habari za mabasi waliyolala na hoteli zilizowakataa, na mwisho kabisa ndipo njia inakutoa kiwanjani, unasimama katikati yao. Mwaka 2024 ligi kuu iliingiza takwimu zao kwenye kumbukumbu rasmi, na Josh Gibson, nyota wa ligi za weusi, akawa anaongoza kwa wastani wa upigaji wa maisha yote (mara ngapi mtu anapiga mpira akafika kituoni salama), mbele ya Ty Cobb wa ligi kuu aliyekuwa juu miaka na miaka. Jioni ile uwanjani nilikuwa na maswali mengi, shemeji yenu akashindwa hata kumaliza karanga zake.

Denver inapendeza, lakini kutoka Kansas City ni kama kilomita 970 za majani na upepo. Subirini mwaka mwingine.

Kuhusu kumfundisha mchezo: usimpe sheria zote. Mwambie kila mpira unaorushwa ni penalti. Mrushaji anatafuta tatu nzuri ili amtoe mpigaji, kabla hajaharibu nne na kumpa kituo cha kwanza bure. Hiyo inatosha kwa siku ya kwanza. Tangu 2023 mrushaji anahesabiwa sekunde za kurusha, mechi zimekuwa fupi, zinakaribia saa mbili na dakika arobaini. Viwanja vingi vinaruhusu chakula kutoka nje, soma tu masharti ya mfuko kwenye tovuti ya timu. Sisi tunabeba chapati na maji. Mechi za mchana Julai, kofia ni lazima.

Na kabla hujakata tiketi yoyote, mpeleke uwanja wa Huntington Park hapo hapo Columbus. Clippers, timu ya hapo, wako daraja moja tu chini ya ligi kuu, na wana usiku ambao hotidogi inauzwa senti 10. Akichoka mapema, kwenu si mbali.