Mwanafunzi mnene, usianze na mzani

Wanafunzi wengi wanene wanaoniomba ushauri huanza na swali moja: nile nini nipungue kabla ya likizo kubwa? Ninawaelewa. Mimi nami niliingia chuo kikuu hapa Lubumbashi nikiwa na mwili mkubwa, na nilimaliza masomo mwili ukiwa bado mkubwa. Kilichobadilika ni mambo mengine: nilikuwa ninalala, ninapanda ngazi za ukumbi wa masomo bila kuhema, na ile huzuni iliyonikalia mwaka wa kwanza ilikuwa imeondoka. Kwa hiyo huwa ninawajibu kwa swali. Unalala saa ngapi? Kwa siku unatembea kiasi gani? Na asubuhi unaamka na moyo gani?

Kipimo cha unene chenyewe ni hesabu fupi. Chukua urefu wako kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe, kisha gawanya kilo zako kwa jibu hilo. Kwa mtu mzima, Shirika la Afya Duniani linasema kuanzia 25 uzito umezidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Mtu wa mita 1.65 mwenye kilo 82 amefika 30. Ni vizuri kuijua namba yako, lakini haikuambii kwa nini umechoka saa nne asubuhi, wala kwa nini hutaki kuonana na wenzako.

Tuanze na usiku, kwa sababu naamini mengi yanaharibikia hapo. Anayeishi katika vyumba vya wanafunzi kule Kasapa, kampasi ya chuo chetu, anajua: umeme ukikatika mchana na kurudi saa tano usiku, ndipo chumba kizima kinaamka. Mmoja anachaji simu, wa pili anapiga pasi, wa tatu anapika, wa nne anafungua silabusi, yaani kitini cha somo, aliyoikimbia wiki nzima. Kahawa inapita. Kafeini huchukua takriban saa tano ndipo nusu yake itoke mwilini, maana yake kikombe ulichokunywa saa tano usiku, nusu yake bado inafanya kazi saa kumi za usiku. Unalala kwa muda wa saa nne au tano tu, na saa kumi na mbili wenzako wanapiga ndoo mlangoni.

Sasa sikiliza kinachofuata, kwa sababu wengi wanajitukana bure. Usingizi ukipungua, homoni inayoleta njaa, ghrelini, inapanda, na ile inayouambia ubongo kwamba umeshiba, leptini, inashuka. Asubuhi hiyo chai ya sukari nyingi na mandazi vinakuita kwa nguvu kuliko siku uliyolala vizuri. Usiseme wewe ni mlafi. Mwili uliokosa usingizi unadai chakula, na unadai hasa chakula cha sukari na mafuta. Mchana ukifika miguu ni mizito, unapanda taksi-basi kwa njia ambayo ungeitembea, unarudi chumbani na kulala mpaka jua linatua. Usiku unakuja, usingizi hauji. Siku zikifuatana hivyo, moyo nao unaanguka: hasira za karibu, machozi, kukwepa watu, kukaa na silabusi mbele ya macho bila kusoma kitu.

Ukiuliza kipi kilianza, unene, usingizi mbaya au huzuni, mara nyingi hutapata jibu. Kimoja kinalisha kingine. Ila mlango wa kutokea upo, na kwa nilivyoona kwangu na kwa niliowasindikiza, ulio rahisi ni saa ya kuamka.

Amka saa ile ile kila siku, hata Jumapili, hata kama ulichelewa kulala. Saa ya kulala huwezi kuilazimisha kwenye chumba cha watu wanne, ya kuamka unaweza. Ukishaamka toka nje upate mwanga, maana mwanga wa asubuhi ndio unaoipanga saa ya ndani ya mwili na kuuandaa usingizi wa usiku unaofuata. Ukilala mchana, isizidi nusu saa, na iwe kabla ya saa tisa. Kahawa iishie adhuhuri. Bukari (ugali) ya jioni uile mapema, saa moja hivi, si saa tano usiku ukapande kitandani tumbo likiwa limejaa. Simu iwe mbali kiasi kwamba lazima uinuke kuifikia. Ongea pia na wenzako wa chumba, kwa upole, mkubaliane saa ya kuzima taa kubwa, na anayetaka kusoma awe na taa yake ndogo. Mazungumzo hayo yanatia aibu mara ya kwanza, lakini mara nyingi utakuta hata wao walikuwa wanayatamani. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi za usingizi. Nawajua wanaojisifu kwamba wanalala saa nne. Waangalie vizuri mhadhara wa mchana ukianza.

Kuhusu mwendo, ondoa kichwani picha ya mtu anayekimbia na viatu vya bei. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linaomba dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Linasema pia kila mwendo unahesabika, hata wa dakika chache. Dakika 150 ni kama nusu saa siku tano. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea ukitembea lakini huwezi kuimba. Kuchota maji, kufua nguo kwa mkono, kufagia uwanja: vyote vinaingia kwenye hesabu. Kwaya nazo! Mazoezi ya kwaya yenye kucheza, saa nzima kanisani, ni kazi ya mwili kabisa, na wanene wengi wanaoogopa uwanja hawaogopi kwaya.

Mji wetu unasaidia. Lubumbashi imekaa kwenye uwanda, mita 1,200 hivi juu ya bahari, barabara nyingi ni tambarare, na mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi, hivyo unatembea bila kulowa jasho. Shuka kwenye taksi-basi vituo viwili kabla ya chako. Msimu wa mvua, tembea asubuhi, maana mvua nyingi hunyesha alasiri. Na wadada, msitoke kabla ya jua, msitoke peke yenu. Tafuta mwenzako wa promosheni, yaani wa mwaka wako wa masomo, mnayeelekea njia moja.

Kuna mambo ya mwili mnene ambayo washauri wembamba hawayasemi. Mapaja yanasuguana na kuchubuka: vaa kaptula nyepesi ya kubana chini ya sketi au kitenge, na upake vazilini kabla ya kutoka. Magoti yanauma ukianza na kukimbia kwenye lami: tembea kwanza kwa wiki kadhaa, kwenye udongo ikiwezekana. Kwa misuli, inuka na kukaa kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu, kisha simama mbele ya ukuta na ujisukume kwa mikono. Hivyo vinafanyika chumbani mlango umefungwa. Na kwenye mpira, mnene anawekwa golini kila mara. Omba kucheza mbele, hata kama utapumzika katikati. Una haki ya kuchoka ukiwa unacheza kama wengine.

Tuseme na hili la maneno ya watu, kwa sababu ndilo linalovunja wengi. Kwetu Lushi, ndivyo tunavyoiita Lubumbashi, mwili mkubwa una heshima nyumbani na unachekwa chuoni. Mama anafurahi kukuona umenona, ni dalili kwamba mtoto anakula. Chuoni unapewa jina la utani siku ya kwanza na linakufuata mpaka mwisho. Halafu ukipungua kidogo, unarudi nyumbani likizoni, ba mama wa jirani wananong'ona: ana ugonjwa gani? Anaficha nini? Nimeona wasichana walioacha kutembea kwa sababu ya swali hilo moja. Ushauri wangu ni kuisema habari kabla haijazuka. Mwambie mama mwenyewe: "Mama, ninatembea ili nilale vizuri, daktari anasema ni vizuri kwa damu." Anayejua sababu atakutetea mbele ya majirani.

Na wewe unayemcheka mwenzako, acha. Utani huo ndio unaomfanya ale akiwa amejificha na akatae kutoka nje mchana.

Mwendo unasaidia moyo hata kilo zisiposhuka. Hilo limethibitishwa mara nyingi: watu wanaofanya mazoezi mara kwa mara wanapungukiwa dalili za sonona na wasiwasi, na usingizi wao unakuwa mzito zaidi. Kutembea peke yake hakupunguzi uzito sana. Chakula, na hasa vinywaji vya sukari, vina nguvu kubwa zaidi hapo. Chupa moja ya soda ya santilita 33 ina gramu 35 za sukari hivi. Ndiyo maana ninawaomba wapime faida kwa usingizi na moyo. Anayengoja mzani peke yake ataacha kutembea wiki ya tatu, akiwa tayari ameanza kupona bila kujua.

Yapo ambayo kutembea hakutayaponya. Ukikoroma kwa nguvu na wenzako wanasema pumzi inakatika kisha unashtuka, na mchana unasinzia hata ukilala kwa muda wa saa nane, mwone daktari. Ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini unawapata sana watu wanene, na una matibabu. Huzuni ikikaa wiki mbili mfululizo, au ukiona kufa ni bora, mwambie mtu leo, yaya (kaka au dada mkubwa), padri, mchungaji, rafiki yeyote, na uende naye hospitali. Hapa mjini kipo kituo cha magonjwa ya akili cha Joseph Guislain, na zipo Kliniki za Chuo Kikuu. Kwenda huko hakukufanyi mwenda wazimu.

Mwezi wa mitihani ndio unaoangusha watu. Wanasema nitatembea baada ya sesheni ya mitihani, nitalala baada ya sesheni. Ukilazimika, punguza mwendo uwe dakika kumi na tano, ukipitia majibu kichwani huku unatembea au ukiulizana maswali na mwenzako njiani. Saa ya kuamka usiiguse. Na usiku wa kuamkia mtihani funga silabusi saa nne, kwa sababu ulichosoma mchana kinawekwa vizuri kwenye kumbukumbu ukiwa umelala.