Siku ya mtaa isife: washikeni vijana

Mdogo wangu, umesema sherehe ya kila mwaka ya mtaa wenu Mbagala inafifia: wazee walioiendesha wamepungua, vijana wanataka singeli tu, na michango haijai. Pole, ila hamjachelewa.

Msiwafukuze vijana wa singeli. Muziki huo umezaliwa uswahilini humu humu Dar, na mchiriku, muziki wa mtaani uliotangulia, umo ndani yake. Wapeni jioni yao, alasiri iwe ya ngoma. Mzee anayepiga msondo, ile ngoma ndefu, akae katikati, na pembeni yake awepo kijana mmoja anayeshika mapigo. Afundishwe kuanzia sasa, hata kwa nusu saa baada ya alasiri. Hilo ndilo ningelisimamia kwa nguvu zote. Pesa hutafutwa, mapigo yakizikwa na mwenyewe mtayatoa wapi?

Tazama Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa jadi kule Makunduchi, Zanzibar. Wanaume wa pande mbili hupigana kwa mashina ya migomba, kibanda huchomwa moto, kina mama huimba. Kila mtu ana kazi. Kwenu nani anachambua mchele, nani anabeba masufuria? Gaweni kazi kwa nyumba, wapangaji wakiwemo. Hao husahaulika mno, na mitaa yetu imejaa wao.

Kibali ombeni mapema serikali ya mtaa, na polisi kama barabara itafungwa. Spika zizimwe saa mliyoahidi. Michango ikusanywe kidogo kidogo kila mwezi, hesabu zibandikwe dukani kila mtu azione. Na tarehe mkishaipanga, msiisogeze kumsubiri mgeni rasmi.