Kuacha welding Kariobangi urudi Voi

Ndugu yangu, umesema unachomelea mageti hapo Kariobangi Light, Nairobi, rent inakumaliza, bibi na watoto wako Voi, sasa unauliza kama urudi ufungue kibanda huko. Mimi naona urudi, lakini si wiki hii kwa hasira ya landlord.

Tauni ndogo kazi iko ila inakuja kwa vipindi, leo mtu anajenga anataka geti na madirisha, halafu unaweza kaa wiki nzima ukirekebisha tu keria za bodaboda na viti vya hoteli. Na kila mtu anakujua, huyu mjomba, yule mlisoma na yeye, wote wanataka kwa deni, hapo ndio mafundi wengi huanguka, si kukosa kazi. Chukua deposit ya vyuma kabla hujakata hata bomba moja, hata kama ni shemeji, mwambie tu kwa heshima.

Mashine usiuze, beba. Ile ploti unataka kukodi uliza kwanza kama stima inabeba welding, manake laini ikiwa ndogo breaker itaanguka kila ukigusa chuma na majirani waanze maneno.

SHA, ile bima ya afya ya serikali, lipa kabla hujatoka, ya chini kabisa ni 300 kwa mwezi na sisi wa jua kali hulipa ya mwaka mzima, yaani 3,600, na huko mwanzo hiyo pesa hutaipata kirahisi.

Na bibi je, umemwuliza? Amezoea kuona M-Pesa ikiingia, miezi ya kwanza itapungua, so ongeeni hiyo kabla hujafunga mzigo.