Maswali ya Bustanini: Mwalimu wa Biolojia Anajibu

Mwalimu, maboga yangu yanachanua sana lakini maua yanapukutika bila kuzaa. Nimekosea wapi?

Pengine hujakosea. Boga lina maua dume na maua jike kwenye mmea mmoja, na madume ndiyo hutangulia, yakianguka, usiyalilie. Kesho amka mapema, maana ua la boga hufunguka alfajiri na kujifunga kabla ya adhuhuri. Tazama chini ya petali. Ukikuta kiboga kidogo kama gololi, hilo ni jike. Lenye kikonyo kitupu ni dume. Nyuki wakiwa wachache, chuma dume, bandua petali zake, kisha pakaza chavua katikati ya jike. Wanafunzi wangu hunyamaza kabisa wakifanya zoezi hili. Utulivu huo sijawahi kuupata kwa chaki.

Mizizi ya maharage yangu ina vinundu. Ni ugonjwa?

Kipasue kimoja kwa ukucha. Kama ndani kina rangi ya waridi, furahi: humo mna bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Rangi hiyo inatokana na protini iliyo ndugu ya ile inayoifanya damu yetu kuwa nyekundu. Lakini kama mzizi wenyewe ndio umevimba na uvimbe haubanduki, hao ni minyoo fundo. Msimu ujao usipande maharage hapo.

Namwagilia kila siku, mbona majani yanageuka manjano?

Huenda ni kwa sababu hiyo hiyo. Mizizi nayo hupumua, na maji yakizidi huikosesha hewa. Choma kidole kwenye udongo. Kikitoka na tope, pumzisha ndoo.

Naweza kutunza mbegu za nyanya chotara?

Unaweza, ila usitarajie zifanane na mama yao. Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa kuwa jibu lake lilitoka kwa mwalimu mwenye bustani. Gregor Mendel alifundisha shule na mara 2 alishindwa mtihani wa kupata cheti cha ualimu. Kati ya 1856 na 1863, katika bustani ya monasteri ya Brno, mji ulio leo katika Jamhuri ya Cheki, alichavusha njegere kwa mkono. Za mviringo alizichanganya na zenye mikunjo. Kizazi cha kwanza chote kikawa cha mviringo. Alipozipanda hizo, akavuna 5,474 za mviringo na 1,850 zenye mikunjo. Mikunjo ilikuwa imejificha tu! Chotara wako naye kaficha mengi, na yatajitokeza kwa watoto wake. Panda michache kwa kujifunza, si kwa kutegemea mavuno.

Ukishafundisha mchana kutwa, nguvu za bustani unazitoa wapi?

Mimi huanzia bustanini, kabla ya kengele. Nitakachokikuta humo ndicho ninachoingia nacho darasani. Juzi ilikuwa jani la kunde lenye vidukari, wadudu wadogo wafyonzao utomvu, na sisimizi wakiwachunga. Tulipitisha kioo cha kukuzia mkono kwa mkono hadi kipindi kikaisha, na ukurasa niliokuwa nimeuandaa haukufunguliwa.