Januari ya Mwaka Gani?

Wiki hii nimesoma rasimu tatu za wanafunzi wapya wa historia ya sheria ya maskini ya Uingereza, ile iliyozibebesha parokia kazi ya kutunza maskini wao, na zote tatu zimetumbukia shimo lile lile. Wadogo zangu, nawapenda, lakini leo tusikilizane.

1. Hati ya kuhamishwa si mwisho wa shauri. Kwa sheria ya 1662, mahakimu wawili walitosha kuamuru maskini arudishwe kwenye parokia yenye makazi yake ya kisheria. Parokia iliyobebeshwa mzigo ndiyo ilikata rufani, mbele ya mahakama ya robo mwaka ya kaunti alikotolewa. Fungueni daftari la amri la mahakama hiyo kabla ya kuandika "alihamishwa".

2. Tarehe. Hapa niliumia. Nilikuwa na hati ya mjane na watoto watatu, ya Novemba 1738, karatasi imekunjwa mara nne, nta ya muhuri imebaki nusu. Kwenye daftari nikaona rufani ya parokia zile zile, Januari 1738. Nikasema Januari hutangulia Novemba, basi hilo ni shauri jingine, nikalipita. Nikaandika sura nzima jinsi mama yule alivyopokelewa na kutunzwa ugenini. Miezi minne ya kazi! Msimamizi wangu akasoma, akaweka kidole kwenye tanbihi, akauliza: "Januari ya mwaka gani?"

Hadi 1751, mwaka wa kisheria kule ulianza tarehe 25 Machi. Januari yao ya 1738 ni 1739 yetu. Rufani ile ilikuwa yake, na amri ilitenguliwa. Mama alirudishwa na wanawe kwa waliomfukuza, katikati ya kipupwe, nami nilikwisha kumpa makao kwenye karatasi. Siku mbili sikulala vizuri. Sura niliifuta yote.

3. Kuanzia 1834, hesabuni siku: 21 za ilani kwa parokia pokezi kabla ya kuhamisha, na sababu za rufani zifike siku 14 kabla ya kikao. Nje ya sababu hizo mrufani hakusikilizwa.

4. Amri isiyokatiwa rufani iliifunga parokia pokezi mbele ya parokia zote. Iliyotenguliwa ilizifunga zile mbili tu. Kwa hiyo ikitenguliwa, tafuteni parokia ya tatu. Mjane wangu nilimkuta huko: hati mpya, Mei 1739, na watoto wameandikwa wawili. Wa tatu bado namtafuta kwenye mikataba ya uanagenzi.