Omu 25 hizo ni za kioo, si za polima

SWALI: Shikamoo mwalimu. Namalizia shahada ya uzamili. Ninaotesha utando wa polianilini (polima inayopitisha umeme) kwa umeme juu ya kioo chenye tabaka la FTO, yaani oksidi ya bati iliyotiwa florini, na multimita inanisomea omu 25. Mwenzangu kapaka polima hiyohiyo kwenye kioo cha kawaida, unene nanomita 200 hivi, akapata kiloomu 60. Alipousuuza utando kwa maji ya bomba ukageuka bluu, sasa multimita haisomi kitu. Tumeshauriwa tuchanganye unga wa kaboni ili upitishaji upande. Nani kakosea?

JIBU: Marahaba. Mwenzako ana kasoro ndogo. Wewe hujapima polima hata kidogo.

FTO yenyewe inapitisha umeme. Ncha za multimita zinatoboa utando laini, mkondo unazama kwenye FTO, unasafiri humo na kuibukia ncha ya pili. Chukua kipande cha kioo hicho kabla hujaotesha chochote, ukipime: utaziona omu zako zilezile.

Tena hesabu ingekushtua mapema. Polianilini ya kawaida iliyotiwa asidi ya hidrokloriki hupitisha simensi (kipimo cha upitishaji umeme) 1 hadi 5 hivi kwa sentimita. Tuseme 1. Kwa unene wa nanomita 200, kipande chochote cha mraba cha utando huo kitakuwa na ukinzani wa omu 50,000, kwa hiyo kiloomu 60 za mwenzako zinaingia akilini. Ili unene huo utoe omu 25, polima yako ingebidi ipitishe simensi 2,000 kwa sentimita. Ungekuwa umepata maajabu, na mimi ningekuwa wa kwanza kukupongeza.

Hata hivyo namba ya mwenzako nayo imebeba ukinzani wa pale ncha zinapogusa utando, na huo hubadilika kwa jinsi mkono unavyokandamiza. Ndiyo maana tunatumia ncha nne zilizopangwa mstari mmoja kwa nafasi sawa: mbili za nje zinapitisha mkondo, mbili za ndani zinasoma volteji. Gawanya volteji kwa mkondo, zidisha kwa 4.53 ikiwa utando ni mpana kuliko nafasi za ncha kwa mbali, kisha zidisha kwa unene. Bila unene, huna cha kuripoti. Na fanya hivyo juu ya kioo kisichopitisha umeme.

Rangi ya bluu isiwasumbue. Maji yameondoa protoni zilizotoka kwenye asidi, polima imebaki kihami, yaani haipitishi umeme. Tumbukizeni kwenye asidi ya hidrokloriki ya mola 1 kwa lita, kijani kitarudi. Siku nyingine suuzeni kwa asidi hafifu.

Sasa huo unga wa kaboni. Kila mwaka naletewa tasnifu yenye polima "iliyoboreshwa" namna hii, na nikiuliza kaboni peke yake ilisoma ngapi, chumba kinakuwa kimya. Kuna wanaotaka mchanganyiko, sawa, lakini basi andika kwamba ni mchanganyiko, na upime kila kimoja peke yake.

Balaa lingine ni voltamogramu, yaani mchoro wa mkondo unavyobadilika volteji ikipandishwa na kushushwa. Mwanafunzi anaona vilele virefu, anaandika "upitishaji mzuri". Vilele vinaonyesha chaji inayoingia na kutoka kwenye polima, basi. Mwaka 1985 Mark Wrighton na wenzake kule Marekani walipima ukinzani wa polianilini huku wakibadilisha volteji ya utando: inapitisha umeme katikati tu, ikiwa nusu imeoksidishwa. Ukiishusha sana ni kihami, ukiipandisha sana ni kihami tena, ingawa voltamogramu inacheza kotekote. Na ukizidi kupandisha, maji yanaanza kuikatakata minyororo. Kilele kipya kinachochipuka kati ya vilele viwili vya kawaida ni cha mabaki ya minyororo hiyo. Nimeshaona kikisifiwa kama ugunduzi.

Wanaoripoti uwezo wa kuhifadhi chaji kwa faradi kwa gramu nao wanisikilize. Utando una mikrogramu chache, uzito umekisiwa, halafu namba ya elektrodi moja inatangazwa kana kwamba ni ya kifaa kizima. Ukiunganisha elektrodi mbili zinazofanana na kugawanya kwa uzito wa zote mbili, inabaki robo yake. Anayekuuzia "betri ya plastiki" kwa namba hizo, mwombe kwanza akuonyeshe mizani yake.