Siku sita Tunisia: usizimalizie ufukweni

Mkuu, umeuliza kama siku zako sita za Tunisia zinatosha kuona kitu zaidi ya ufukwe wa Hammamet. Zinatosha kabisa, ila uwe tayari kuingia bara.

Mimi nilianzia Kairouan, kama kilomita 160 kusini ya Tunis. Nilipanda louage, basi dogo jeupe lenye mstari mwekundu. Halina ratiba, linaondoka likijaa, kwa hiyo wahi asubuhi. Nje ya mji mkongwe kijana mmoja akaniambia msikiti umefungwa, twende kwanza nikaone mazulia. Saa nzima ikaniishia dukani, kumbe msikiti ulikuwa wazi. Ukiambiwa hivyo, nenda ukaone mwenyewe.

Mji ulianzishwa na jemadari Mwarabu Uqba ibn Nafi mwaka 670, na Msikiti Mkuu unaouona leo kwa sehemu kubwa ni wa 836. Nguzo zake, zaidi ya 400, zilitolewa kwenye magofu ya Warumi na Wabizanti, ndiyo maana vichwa vyake havifanani. Lakini kilichonishika ni ua. Sakafu imeinamia kwenye bamba la marumaru lililochongwa vidaraja: maji ya mvua yanafika pale, vumbi linatuama, yaliyo safi yanashuka kwenye birika chini ya ardhi. Midomo ya visima imeliwa na kamba mpaka ikaacha mifuo. Nilipitisha kidole kwenye mfuo mmoja, nikawawaza wote waliovuta maji ya udhu hapo, na sikutaka kuondoka. Asiye Mwislamu huishia uani na milangoni, lakini ua peke yake unatosha safari.

Halafu El Jem. Uwanja wa Warumi wa karne ya 3, wa watazamaji kama 35,000, umesimama katikati ya mji mdogo uliozungukwa na mizeituni. Usiishie kupiga picha juu. Shuka kwenye mahandaki walikofungiwa wanyama.

Dougga, magofu ya mji wa Warumi, ipe siku nzima, na ukae ngazi za juu za ukumbi wa maonyesho wa mwaka 168. Carthage, mji wa kale kando ya Tunis, nusu siku yatosha: Warumi waliibomoa mwaka 146 KK, na mabaki yametawanyika. Nusu iliyobaki nenda makumbusho ya Bardo ukaone mozaiki.

Ukienda majira ya baridi, ongeza ziwa Ichkeul, ndege wa Ulaya hukimbilia huko. Chott el Djerid, lile ziwa la chumvi la kusini, liache, ni mbali mno kwa siku sita.

Dinari zitumie zote kabla ya kuondoka. Sheria hairuhusu kutoka nazo nchini.